Mbwa wa kuvuta sledi Alaska: kazi sio kuwakimbiza, kazi ni kuwasimamisha (uzi mrefu, chukua maji)

#1 mzee_wa_barafu

Wakuu salama? Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa magari kuna mdau aliandika eti Alaska wazungu wanafunga mbwa kwenye mkokoteni wa barafu wanawatandika viboko mpaka wanafika, kama punda wa maji. Nilicheka mpaka supavaiza akaniuliza kuna nini. Nikaahidi ntaleta uzi, shifti za usiku zikanibana, huu hapa sasa.

Kwanza mimi nani. Mbongo, naishi Anchorage huu mwaka wa saba, nafanya kazi ghala la mizigo. Ila winta mbili nimepiga kibarua cha wikiendi kwenye banda moja la mbwa wa mbio huko Willow, saa na nusu hivi kwa gari kutoka mjini. Msije mkaniona mtu wa maana, kazi yangu ilikuwa kuokota mavi. Mbwa arobaini, asubuhi na jioni, na ikifika mainasi 25 mavi yanakuwa jiwe, huokoti tena, unagonga na koleo mpaka yabanduke. Mama yangu anajua niko "kwenye mifugo", tuishie hapo.

Haya, mbwa wenyewe. Ukisikia mbwa wa sledi picha inayokujia ni yule haski wa kwenye kalenda, macho ya bluu, manyoya kama zulia la sebuleni. Sahau huyo. Wanaovuta mbio ndefu huku wengi ni Alaskan haski na huyo hata hatambuliki kama aina rasmi, ni chotara. Watu walichukua mbwa wa wenyeji wa vijijini wakachanganya na haski wa Siberia na mbwa wa kuwindia wa Ulaya, vizazi kwa vizazi, hakuna aliyeangalia sura, walikuwa wanaangalia nyayo, hamu ya kula na moyo wa kuvuta. Matokeo yake ni kambwa kembamba kilo 20 mpaka 25 tu, rangi yoyote ile, sikio moja limesimama lingine limelala, ungekakuta Buguruni sokoni usingegeuza shingo.

Siku ya kwanza naitwa nisaidie kufunga timu ya mbwa kumi. Asee. Ile mikanda ya kifuani, hanesi, ikitolewa tu kwenye stoo banda zima linalipuka, arobaini wote, wanabweka, wanalia, wanaruka juu ya vibanda vyao, na yule ambaye hajachaguliwa analia kama mtoto ambaye wenzie wamepanda gari la harusi yeye kaachwa na bibi. Sledi yenyewe lazima ifungwe kwa kamba nene kwenye mti au kwenye gari, na juu ya hapo kuna nanga ya chuma unaikandamiza kwenye theluji kwa mguu, maana bila hivyo wanaondoka na sledi tupu na utawafuata wewe kwa miguu kilomita ishirini. Imetokea. Sio mara moja.

Sasa dereva akishafungua ile kamba, kimya. Kelele zote zinakata papo hapo kama mtu kazima redio, unabaki unasikia pumzi zao na mbao za sledi zinateleza. Hapo nywele zilinisimama.

Na dereva hana hatamu wala kiboko, ana mdomo wake tu. "Jii" ni kulia, "hoo" ni kushoto, na anayesikia amri ni mbwa wa mbele kabisa, lida, wengine wanamfuata huyo. Kitu pekee alichonacho cha kuwadhibiti kiko miguuni na ni breki. Greenland huko ndo wana mjeledi, ila mara nyingi unapigwa kwenye theluji upande wa kushoto au kulia kama indiketa. Kwa hiyo mdau wa viboko popote ulipo, ndo maana nilicheka.

#2 Chachandu

Nimeweka kambi, mkeka na thermos ninayo. Chai hii ina tangawizi, shusha mkuu.

#3 kamanda_Kibaha

Hapo kwenye "moyo wa kuvuta" ndo unanipoteza. Asiyekuwa nao je? Anafanywaje? Usikwepe swali.

#4 mzee_wa_barafu

Sikwepi kamanda, nina kisa cha mbwa mmoja anaitwa Karafuu, nakuja nacho.

#5 mama_Brayo

Pole kwa baridi. Mimi niko Nakuru, nina mbwa watatu na wananimalizia unga wa ugali kila wiki. Sasa hao arobaini wanakula nini na hapo hakuna kitu ila barafu?

#6 mzee_wa_barafu

Mama Brayo ugali hawaujui. Ni nyama, samaki salmoni, mafuta na chakula cha pakiti chenye mafuta mengi. Mafuta ndo habari yenyewe. Kulikuwa na friza ukubwa wa kontena, tunakata nyama iliyoganda kwa msumeno kama mbao, tunaiyeyusha kwenye pipa la maji ya moto tunawapa supu, maana kwenye baridi mbwa hataki kunywa maji matupu, lazima uyatie ladha ndo anywe.

Kwenye mbio ukifika kituo cha kupumzika huruhusiwi hata kuwaza njaa yako. Unamwaga nyasi kavu wapate pa kulala, unavua soksi (ndio, wanavaa soksi, vile vya kitambaa, nne kwa kila mbwa, timu ya mbwa 14 ni soksi 56 na unazivalisha kwa vidole vilivyokufa ganzi), unayeyusha theluji, unapika, unagawa, unakagua nyayo moja moja, unapaka dawa. Mbwa wanalala masaa manne matano. Wewe ukipata saa moja shukuru. Madereva wanasimulia wanaona treni, wanaona bibi zao waliokufa wamesimama pembeni ya njia, usingizi unawachanganya. Mbwa wako freshi, binadamu ndo anahitaji mganga.

#7 dokta_wa_ng'ombe

Niongeze kidogo kitaalamu maana mimi ni mtu wa mifugo. Mbwa hawa mwili wao unashangaza kweli. Akiwa kwenye mbio ndefu anachoma kalori zaidi ya 10,000 kwa siku, wewe na mimi tunaenda na 2,000 na kitu. Kuna utafiti ulifanyika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, waliona siku ya kwanza ya kukimbia misuli ya mbwa inamaliza akiba ya sukari kama ya mwanariadha yeyote, lakini siku chache baadaye, wakati bado anakimbia umbali uleule, mwili unabadili gia na ile akiba haiishi tena. Binadamu ukimkimbiza hivyo siku ya nne yuko wodini.

Miguu nayo. Watu wanauliza haigandi? Mishipa ya damu ya moto inayoshuka kwenye nyayo imelala ubavu kwa ubavu na ile ya damu baridi inayopanda, kwa hiyo joto linarukia mshipa wa pili linarudi mwilini kabla halijapotelea kwenye barafu. Soksi alizosema mzee hapo juu sio za baridi, ni za kuzuia theluji ngumu isimchune na vipande vya barafu visigande katikati ya vidole.

Na wana kitu kingine, mwaka 2020 wanasayansi walichapisha matokeo ya vinasaba vya mbwa aliyefukuliwa kisiwa cha Zhokhov, Siberia, wa miaka kama 9,500 iliyopita. Wakakuta anafanana na mbwa wa sledi wa leo, hasa wale wa Greenland, na kwamba ukoo huo umezoea kula mafuta, haukupitia yale mabadiliko ya kumeng'enya wanga ambayo mbwa wengi waliokaa na wakulima walipitia. Kwa hiyo mama Brayo, wako ni mbwa wa ugali kwa asili, usimlaumu.

#8 mama_Brayo

Hahaha dokta umenimaliza. Basi acha wale.

#9 mtaa_wa_saba

Si kuna yule mbwa ana sanamu New York, Balto, aliyepeleka dawa? Katuni yake tuliiangalia tukiwa wadogo.

#10 mzee_wa_barafu

Umegusa kidonda mkuu. Huku ukimtaja Balto mbele ya watu wa mbwa wanavuta pumzi kwanza.

Iko hivi. Januari 1925, mji wa Nome, pwani ya magharibi kabisa ya Alaska, watoto wanakufa na dondakoo. Daktari ni mmoja tu, Curtis Welch, na dawa aliyonayo imepita muda. Bahari imeganda, meli haiji mpaka kiangazi. Ndege za wakati ule ziko wazi juu, na zilikuwa zimefunguliwa vipande kusubiri winta iishe. Dawa ikapatikana Anchorage, ikapandishwa treni mpaka Nenana, na kutoka Nenana mpaka Nome ni kilomita 1,085, chukulia Dar mpaka Mwanza, hakuna barabara, mainasi 40 na kushuka.

Wakapangana madereva 20 na mbwa kama 150, kupokezana vijiti. Wa kwanza Bill Shannon kaondoka Nenana usiku wa tarehe 27, kafika kituo chake uso umebabuka kwa baridi. Charlie Evans mbwa wake wawili wa mbele walianguka njiani, akaingia mwenyewe kwenye kamba akavuta. Na wengi wa hao ishirini walikuwa wenyeji wa Alaska, ambao majina yao gazeti halikuhangaika nayo sana, hilo nadhani halitushangazi hapa.

Sasa Leonhard Seppala, Mnorwe, dereva aliyekuwa anaogopwa kuliko wote, lida wake Togo. Togo alikuwa na miaka 12 tayari, mzee, mdogo wa umbo, na alipokuwa mtoto walimwona hafai wakamgawa kwa watu, akapasua dirisha akarudi nyumbani. Jumla walienda karibu kilomita 420 kwenda na kurudi, kama Dar mpaka unakaribia Dodoma, na kama 145 kati ya hizo wamebeba dawa, wakakatiza juu ya bahari iliyoganda ya Norton Sound usiku na upepo, barafu ambayo haikukaa muda ikavunjika. Wengine kwenye ule mpokezano walienda wastani wa kilomita 50 hivi.

Balto alikuwa mbwa wa Seppala huyohuyo! Wa kubeba mizigo, Seppala hakumhesabu kabisa. Gunnar Kaasen ndo alimfunga mbele, akachukua kipande cha mwisho, kama kilomita 85, na sitaki kumdharau, upepo ulipindua sledi, boksi la dawa likatumbukia kwenye theluji akalitafuta kwa mikono mitupu kwenye giza. Akaingia Nome tarehe 2 Februari alfajiri. Na aliyefika mlangoni ndo anapigwa picha. Desemba mwaka uleule sanamu ya Balto ikasimama Central Park, Balto mwenyewe yupo anaangalia. Togo hakupata ya wakati ule.

Ila Balto nae hakufaidi, msimwonee wivu. Yeye na wenzie wa timu waliuzwa, wakaishia kwenye kijumba cha maonyesho Los Angeles, wagonjwa, mpaka mfanyabiashara mmoja wa Cleveland akaanzisha mchango, watoto wa shule wakatoa visenti vyao, zikapatikana dola 2,000 mwaka 1927 wakakombolewa. Na alikuwa amehasiwa tangu mdogo kwa hiyo hana hata mjukuu. Togo ndo kaacha ukoo, haski wengi wa Siberia wa leo wana damu yake.

#11 Chachandu

Kwa hiyo aliyefunga goli la dakika ya 90 kachukua mpira nyumbani, aliyetoa pasi zote kasahaulika. Kama timu yetu tu.

#12 baridi_ya_Winnipeg

Wadau mimi niko Canada, niongeze upande ambao hausimuliwi. Kwa Wainuit, wenyeji wa kaskazini huku, mbwa hakuwa mchezo wala mbio, alikuwa ndo gari, ndo bunduki, ndo simu. Bila mbwa huwindi, usipowinda hamli. Miaka ya 1950 mpaka 70 huku kaskazini serikali ilikuwa inawahamishia watu kwenye makazi ya kudumu (wazee wa vijiji vya Ujamaa mtanielewa ila hapa ni tofauti), halafu polisi na maafisa wakawa wanawapiga mbwa risasi, eti wanazurura, eti magonjwa. Mzee anaingia dukani kununua chai akitoka timu nzima imelala kwenye theluji. Watu walikwama kijijini palepale hawana pa kwenda. Serikali ya Canada iliomba radhi kwa Wainuit wa Qikiqtani 2019, na wa Nunavik 2024 pamoja na fidia ya dola milioni 45. Miaka hamsini baadae.

Kwa hiyo tukisema "mbwa wa sledi" tusiishie kwenye mashindano ya wazungu.

#13 mzee_wa_barafu

Mkuu umesema kweli na mimi hilo la Canada sikuwa nalijua kwa undani. Asante.

#14 Haki_za_Viumbe

Samahani naharibu sherehe. Mleta uzi umetuonyesha mbwa wanaoruka kwa furaha, sawa. Mbona hujasema wanaishi kwenye minyororo? Mbio za Iditarod, zile ndefu za Alaska mpaka Nome, 2024 walikufa mbwa watatu. Wapingaji wanahesabu zaidi ya 150 tangu mbio zianze 1973. Wafadhili wakubwa wamejitoa. Mbwa "anapenda" kwa sababu umemzalisha apende, ndo hoja nzima. Mlevi nae anapenda.

#15 mzee_wa_barafu

Sikatai hata moja. Mnyororo upo, kila mbwa ana kibanda chake na nguzo na mnyororo unaozunguka, mita mbili hivi. Wenyewe watakwambia mbwa wanaonana, wanaruka juu ya vibanda, hawapigani, na kwamba wanakimbia kilomita nyingi kwa wiki kuliko mbwa wa gorofani anayetolewa dakika kumi. Mimi niliona yote mawili. Niliona mbwa wana afya kuliko mimi, na niliona kiangazi, theluji hakuna, joto nyuzi 20, mbwa wamelala wanazungusha macho tu mpaka Agosti mwishoni waanze kufungwa kwenye ile pikipiki ya magurudumu manne injini imezimwa. Hiyo miezi sikuipenda. Joto kwao ndo adui, wakikimbia hata kwenye sifuri wanahema, wenyewe wanataka mainasi 20.

Sheria za mbio zipo, madaktari wa mifugo vituoni, lazima upumzike masaa 24 mara moja na masaa nane mara mbili, mbwa aliyechoka unamwacha kituoni anarudishwa kwa ndege. Na bado wanakufa. Nimeokota mavi yao, siwezi nikakaa hapa nikakwambia ni sawa tu. Hoja ya mlevi imenikaa kooni.

Ila kingine, sheria nyingine zinachekesha. Mwaka huohuo 2024 dereva Dallas Seavey alivamiwa njiani na muusi, mnyama kama paa ila mkubwa kuliko farasi, muusi akaumiza mbwa wake, Seavey akampiga risasi. Sheria inasema ukiua mnyama wa namna hiyo lazima umpasue utoe matumbo ili nyama isiharibike wapewe watu. Akampasua haraka haraka, waamuzi wakaenda kukagua wakaona hakupasua vizuri, wakampiga adhabu ya masaa mawili. Na akashinda bado, mara ya sita.

#16 kijana_wa_Mbezi

Mkuu kuna jamaa ananiuzia haski wa Siberia hapa Dar milioni moja na nusu, macho ya bluu kabisa. Nina tailizi na feni mbili. Ushauri.

#17 dokta_wa_ng'ombe

Ushauri: nunua feni ya tatu ulale wewe. Yule ana koti mbili za manyoya, ya ndani sufi na ya juu, na usije ukamnyoa ukadhani unamsaidia maana hiyo ya juu inamkinga na jua pia. Na kama mzee alivyosema huyu kazaliwa kukimbia. Ukimfungia Mbezi atachimba ukuta, atakula kochi, atalia usiku mpaka mjumbe aje.

#18 mtaa_wa_saba

Kuna mweusi amewahi kukimbia hizo mbio kweli au ni sisi wa kuokota mavi tu?

#19 mzee_wa_barafu

🤣🤣 Kumbe una dharau. Yupo Newton Marshall, Mjamaika, kutoka kisiwa ambacho theluji wanaiona kwenye friji. Alifundishwa na Lance Mackey, aliyeshinda mara nne mfululizo, akakimbia Iditarod 2010 akamaliza wa 47. Kumaliza tu ni heshima, ni karibu kilomita 1,600 mpaka Nome kulekule, na hata wa mwisho kabisa anapewa zawadi yake ya taa nyekundu.

#20 kamanda_Kibaha

Nimehesabu, kurasa mbili sasa. Karafuu.

#21 mzee_wa_barafu

Kamanda una kumbukumbu ya mwenye duka.

Huku watoto wa tumbo moja wanapewa majina ya kundi moja ili wasichanganye koo, kuna waliopewa majina ya magari, kuna wa jibini. Tumbo moja la watoto watano bosi akaniambia we Afrika toa majina. Nikatoa viungo vya pilau. Karafuu, Iliki, Bizari, Pilipili na Mdalasini, huyo wa mwisho wazungu walishindwa wakamwita Dala, kila akiitwa namkumbuka kondakta wa Mbagala.

Miezi sita saba wakaanza kufungwa, mbwa mdogo unamweka ubavuni kwa mkubwa anajifunza mwenyewe. Pilipili alitafuna hanesi tatu kwa kiherehere. Iliki siku ya kwanza tu alivuta mpaka bosi akanyamaza, sasa hivi ni lida. Karafuu ndo alikuwa mkubwa kuliko wote, kifua kipana, tulijua huyu ndo injini.

Akafungwa. Wenzie wakaondoka, yeye akakaa. Kitako. Timu nzima ikasimama wanageuka kumwangalia. Bosi akashuka, akamsimamisha, akamsugua masikio, wakaondoka mita hamsini, akakaa tena. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Tukambadilishia jirani, tukambadilishia nafasi, akaja siku moja akatembea vizuri kabisa kilomita tatu kamba yake imelegea, havuti, anasindikiza. Kwenye timu ya mbwa kumi asiyetaka huwezi kumlazimisha kamanda, akikaa kumi wote wamekaa, kiboko kitasaidia nini hapo?

Kuna mabanda yenye historia mbaya kwenye hili, sitadanganya, zamani mbwa kama huyo hakuwa na maisha marefu. Huyu bosi alibandika tangazo. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi akamchukua bure.

Nilimwona Machi iliyopita Fourth Avenue pale mjini, siku ya ufunguzi wa mbio, wanamwaga theluji ya malori barabarani kabisa. Timu ya bosi inapita, Iliki mbele, anavuta kama kawaida. Karafuu yuko pembeni na mwalimu wake, kavaa skafu, amenenepa ana kilo 34, anawaangalia ndugu zake vile mwenye nyumba anavyowaangalia wapangaji wanaowahi kazini. Nikamwita jina lake, kwa matamshi yake sahihi. Akapiga mkia mara moja, akakaa.